Sura ya Sita: Mtoto wa Maskini Akishika Kipaza Sauti

Mwaka 2021 mtangazaji wa Kenya, Larry Madowo, alichanjwa dhidi ya UVIKO-19 katika duka la dawa nchini Marekani. Huko chanjo ilikuwa tele. Mtu anaingia dukani na kutoka akiwa amechanjwa. Nyumbani kwao Kenya, mjomba wake alifariki kwa ugonjwa huohuo kabla hajaipata chanjo, na bibi yake, ajuza aliyevuka miaka 90, alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Madowo aliyaandika hayo kwa jina lake, kupitia CNN, na kila aliyesoma alibaki na hesabu isiyopingika: watu wa ukoo mmoja, maradhi mamoja, na kilichoamua nani achanjwe ni nchi aliyokuwamo.

Siku zile chini ya asilimia 2 ya watu wa Afrika ndio waliokuwa wamekamilisha chanjo. Hapa kwetu Tanzania uzinduzi ulifanyika Julai 28, 2021. Takwimu za namna hiyo zilisomwa kila jioni kwenye taarifa ya habari, zikapita na upepo. Iliyowafanya watu wasimame na kusikiliza ni habari ya mwenye msiba, anayejua maana ya hospitali kuwa mbali na dawa kuwa ya wengine, na ambaye wakati huohuo ana nafasi ya kusema dunia ikamsikia.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu inabeba neno ninalotaka kuwaambia vijana wa Chunya, wazazi wao, na wenye redio wa mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini. Mtoto wa maskini akifika mbali tumezoea kumpongeza kwa kuukimbia ufukara. Mimi nasema kwamba kwa mwandishi wa habari, ufukara alioupitia ni sehemu ya ujuzi wake wa kazi. Anajua mahali habari ilipo, anajua nani wa kuulizwa, na anajua lipi limefichwa kwenye maelezo ya mkubwa. Chumba cha habari kisicho na mtu wa aina hiyo kinapitwa na mengi, hata kiwe na kamera za bei gani. Kwa hiyo kumfungulia mlango mtoto huyu ni faida yetu sote, wala tusiihesabu kuwa sadaka.

Mtoto wa Siaya

Madowo alizaliwa mwaka 1987 katika eneo la Siaya, magharibi mwa Kenya, nchi ya Wajaluo inayopakana na Ziwa Victoria. Wazazi wake wote wawili walifariki angali mdogo, akalelewa na bibi yake kijijini. Msomaji wa Mbeya au Iringa hahitaji kuelezwa malezi hayo. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, UKIMWI ulipozipiga familia za mikoa yetu, bibi wengi wa Makete, Kyela na Mufindi walirudi kulea upya wakati wao wenyewe walistahili kulelewa. Bibi anayelea wajukuu huamka kabla ya jogoo, na kila shilingi inayopita mkononi mwake ameshaipangia kazi mara tatu. Mtoto aliyekulia hapo hujifunza mapema kutofautisha shida ya kweli na malalamiko.

Kutoka kijijini alifika Chuo Kikuu cha Daystar, akasomea mawasiliano. Kazi alianzia KTN jijini Nairobi, kwenye habari za biashara. Hapa pana somo ambalo vijana wengi hawalioni. Watu wengi wanaotaka utangazaji hutaka muziki, michezo na vipindi vya asubuhi vyenye vicheko. Habari za uchumi hazina foleni ndefu, kwa sababu zinadai hesabu na kusoma. Mtoto aliyelelewa kwa kubana matumizi akaenda kukaa palepale ambapo wengine wanapakwepa, na palepale ndipo alipopanda. Alikwenda Johannesburg kufanya kazi CNBC Africa, kituo cha biashara. Akarudi Nairobi kwenye NTV, akawa jina linalotajwa kila nyumba, hasa kwa kipindi chake cha Ijumaa usiku, The Trend.

Kisha likaja jaribio la kweli. Januari 30, 2018, siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru, serikali ya Kenya ilizima matangazo ya NTV, KTN na Citizen kwa sababu vituo hivyo vilikuwa vikionyesha tukio lile moja kwa moja. Kesho yake habari zikazagaa kwamba polisi wanawasubiri baadhi ya waandishi wa NTV nje ya jengo. Linus Kaikai, Ken Mijungu na Larry Madowo walilala chumba cha habari usiku ule, na baadaye wakaenda mahakamani kupata dhamana ya kuwakinga na kukamatwa. Yatima aliyetoka Siaya na kupata mshahara mzuri, sura yake ikajulikana nchi nzima, angeweza kabisa kuona kwamba amepata mengi mno ya kupoteza, akanyamaza. Hakunyamaza.

Mwaka huohuo alihamia BBC, akasimamia habari za biashara za Afrika. Baadaye akapata ufadhili wa Knight-Bagehot katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ufadhili unaotolewa kwa waandishi wa habari za uchumi. Akawa mwandishi wa BBC Marekani, akikaa Washington, na mwaka 2021 akajiunga na CNN na kurudi kufanya kazi kutoka Nairobi. Ukiitazama safari hiyo kwa haraka utasema ni bahati. Ukiitazama taratibu utaona chuo, kituo kilichokubali kumpokea angali mwanafunzi, fani aliyoichagua kwa akili, na ufadhili uliomkuta akiwa tayari ameshajiandaa. Na nyuma ya yote hayo, bibi aliyehakikisha mtoto hakosi shule.

Kijana wa San Antonio

Habari inayofanana na hiyo iko mbali zaidi, Texas, kusini mwa Marekani. John Quiñones alizaliwa mwaka 1952 San Antonio, katika familia yenye asili ya Meksiko iliyokuwa Texas kwa vizazi kadhaa lakini bado ikihesabiwa ya wageni. Nyumbani walizungumza Kihispania; Kiingereza alikikuta shuleni akiwa na miaka sita. Alipiga viatu rangi kwenye baa za mtaani kwao. Alipofika miaka 13 baba yake, aliyekuwa mfanya usafi, aliachishwa kazi. Familia ikapanda gari na wahamaji wengine kwenda kaskazini, kuchuma cheri Michigan na kisha nyanya Ohio. Quiñones amesimulia mara nyingi jinsi baba yake alivyomuuliza alfajiri, shambani, kama hiyo ndiyo kazi anayotaka kuifanya maisha yake yote au angependa kusoma. Swali lile lilitolewa na mtu aliyeinama mtaroni pamoja na mwanawe, kwa hiyo halikuwa na dharau ndani yake.

Shuleni walimu walitaka kumpeleka kwenye karakana ya useremala na uchongaji vyuma, si kwenye masomo ya kumwandaa kwa chuo kikuu. Si kwamba walimchukia. Walitazama jina lake na mtaa aliotoka, wakaona inatosha. Kilichomtoa hapo ni mpango wa serikali kuu ya Marekani unaoitwa Upward Bound, ulioanzishwa miaka ya 1960 wakati wa vita vya Rais Lyndon Johnson dhidi ya umaskini. Mpango huo uliwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka familia duni, ukawapa masomo ya ziada na kuwaonyesha maisha ya chuo. Quiñones akaingia Chuo Kikuu cha St. Mary's palepale San Antonio, akaanza redio, na baadaye akasoma uandishi wa habari Columbia, chuo kilekile ambacho Madowo angekwenda miongo mingi baadaye.

Kazi iliyompa jina aliifanya Chicago, akiwa kituo cha televisheni cha WBBM. Alijifanya mhamiaji asiye na hati, akamlipa mtu wa kuvusha watu, akavuka mto Rio Grande kutoka Meksiko kama wanavyovuka wengine. Kisha, Chicago, akaomba kazi ya kuosha vyombo katika mkahawa ambao mmiliki wake aliwafanyisha kazi wahamiaji, akawazuilia mishahara yao, na kuwalaza chini ya jengo. Usiku alipowasikiliza wenzake, kamera ilikuwa imefichwa. Habari ilipotoka hewani mkahawa ulifungwa na serikali ikaingilia kati, na Quiñones akapata tuzo ya Emmy.

Fikiria ni nani mwingine angeweza kuileta habari ile. Vituo vikubwa vya Chicago vilikuwa na waandishi hodari, waliosoma vyuo vya maana. Lakini waosha vyombo wasingewaambia chochote. Wasingewaelewa hata kwa lugha. Aliyeaminiwa ni yule aliyekuwa na mikono ya kazi na Kihispania cha nyumbani. Vitu vilevile ambavyo walimu wake waliviona ni kasoro, yaani lugha ya kwao na asili ya wafanyakazi wa mashambani, ndivyo vilivyokuwa ufunguo. Mwaka 1982 akaajiriwa na ABC, akaripoti Amerika ya Kati wakati wa vita vya huko, na mwaka 2008 akaanza kuendesha kipindi cha What Would You Do?, kinachowatazama watu wa kawaida wakiona mtu mnyonge anaonewa mbele yao: watatetea, au watapita?

Dhahabu na watoto wake

Turudi nyumbani. Kutoka Mbeya mjini barabara ya Chunya inaupanda mlima hadi kwenye baridi na ukungu, kisha inateremka kwenye joto na miombo. Huko ndiko kwenye dhahabu ya Lupa, iliyoanza kuchimbwa miaka ya 1920. Miaka ya 1930 watu walimiminika, Wazungu kwa Waafrika, na Lupa ikawa moja ya maeneo makuu ya dhahabu katika Tanganyika. Leo wachimbaji wadogo wapo Makongolosi, Matundasi, Itumbi na kwingineko, na tangu 2019 Chunya ina soko lake la madini, ili dhahabu ipimwe, iuzwe hadharani na kulipiwa kodi.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Mawe yanatolewa kwenye duara, shimo linaloshuka chini mno, yanapelekwa kwenye karasha kusagwa. Unga wake unaoshwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, mchanga mzito wenye dhahabu unanasa, mwepesi unakwenda na maji. Mchanga ule unatiwa kwenye beseni, inamiminwa zebaki, na mtu anavuruga kwa mkono mtupu hadi zebaki iikusanye dhahabu yote kuwa kidonge. Kidonge kinakamuliwa kwa kitambaa, kisha kinachomwa motoni. Zebaki inakuwa mvuke na kupotea hewani, dhahabu inabaki. Mvuke ule hauna rangi, na aliyeuvuta hawezi kujua siku hiyo kwamba ameuvuta. Unaingia mapafuni, unafika kwenye ubongo na figo, na madhara yanajitokeza baadaye: mikono inatetemeka, kumbukumbu inapungua.

Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto na zebaki katika machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, baada ya kufanya utafiti Chunya, Geita na Kahama. Ilieleza habari za watoto, wengine wenye umri wa miaka 8, wakichimba, wakibeba mawe, wakiponda na kushika zebaki kwa mikono. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, na machimbo yametajwa humo. Watoto walikuwapo machimboni hata hivyo, kwa sababu sheria haimlipii mtoto daftari na sare.

Naiheshimu ripoti ile, na inaniumiza. Inaniumiza kwa kuwa habari iliyokuwa uani kwetu kwa miaka mingi ilihitaji watafiti kutoka mbali ili isikike mbali. Si kwamba Chunya haikuwa na watu wa kuisema. Kila kijana aliyewahi kuvuruga beseni aliijua. Ila hakuna aliyempa kipaza sauti, naye hakuwahi kudhani kwamba anayoyajua ni habari.

Huyo ndiye mwandishi ninayemtafuta katika sura hii. Yupo machimboni jioni hii, kitochi chake kinashika redio, anaifuata sauti ya mtangazaji na kuiiga wenzake wakicheka. Ana sauti nzuri, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya mtaji wake. Anajua tofauti ya mawe mazuri na makapi. Anajua mgawo kati ya mwenye duara na wachimbaji unavyofanywa, na unavyochakachuliwa. Anajua bei ya gramu kwa mnunuzi wa porini na bei ya sokoni. Anajua mama ntilie wa machimboni wanadaiwa na nani. Mwandishi akitumwa kutoka Dar es Salaam kuja kuandika habari hizo atahitaji wiki kadhaa ili ajue robo yake, na wachimbaji watamwambia kile tu wanachotaka asikie.

Mlango wa studio

Je, kijana huyo anaingiaje? Mwaka 1993 Tanzania ilipitisha sheria iliyoruhusu utangazaji binafsi, na kabla ya hapo redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtoto wa Chunya aliyetaka utangazaji wakati huo alilazimika kuota kwenda Barabara ya Pugu, kwenye studio za Dar. Siku hizi redio ziko jirani. Mbeya ina Bomba FM na Baraka FM miongoni mwa nyingine. Rungwe ina Chai FM, Kyela ina Kyela FM, Makete ina Kitulo FM. Iringa ina Ebony FM na Nuru FM. Studio hizi zimekuwa shule. Mtu hujifunza humo kusoma taarifa bila kukimbia, kukata sauti kwenye kompyuta, kumpigia simu mkuu wa wilaya, kuomba maoni ya upande wa pili kabla habari haijakwenda hewani.

Njia ya kuingilia inaitwa kujitolea. Kijana anafika kituoni, anapokelewa, anapewa kazi, na halipwi. Anaambiwa avumilie, nafasi ikitokea atafikiriwa. Anayetoka familia yenye uwezo anakula nyumbani, analala nyumbani, anapewa nauli, anavumilia mwaka mzima hata miwili. Anayetoka Makongolosi anahitaji chumba cha kupanga mjini, nauli ya daladala na chakula cha kila siku. Baada ya miezi michache anarudi machimboni, na kituoni watasema hakuwa na moyo wa kazi. Moyo alikuwa nao. Alichokosa ni kodi ya chumba. Hivi ndivyo tunavyowachuja watu: anayebaki ni mwenye wazazi wa kumtunza, tukidhani tumempata mwenye kipaji.

Kikwazo cha pili ni cheti. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za 2017 zilitaka mwandishi wa habari awe angalau na stashahada. Nia yake ni kuipa kazi hii hadhi ya taaluma, na mimi naamini katika kusoma. Nimetaja Daystar, St. Mary's na Columbia kwa makusudi. Lakini ukiweka sharti la stashahada bila kuweka njia ya mtoto wa maskini kuifikia, umefunga mlango kwa kufuli la heshima. Elimu bila ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na hadi kidato cha sita tangu 2022, imesogeza wengi mbele. Hatua inayofuata, ya ada ya chuo cha uandishi, ndipo wengi wanapokwama.

Cha tatu ni lafudhi. Kijana wa kwetu anayechanganya r na l, au anayevuta maneno kama wanavyovuta kwao, huchekwa akiwa bado anajifunza, na wengine huambiwa wazi kwamba sauti yao ni ya kijijini. Matamshi yanafundishika, ni suala la mazoezi na kusahihishwa kwa upole. Asiyefundishika kirahisi ni mtangazaji mwenye matamshi safi asiyejua kumuuliza mkulima wa tumbaku wa Lupatingatinga swali la maana. BBC imetangaza kwa Kiswahili tangu 1957, Sauti ya Amerika ilianza 1962 na Deutsche Welle 1963, na vituo hivyo vimechukua watangazaji kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki na Kati. Kiswahili cha Mwanza, cha Unguja, cha Mombasa na cha Bukavu vyote vimepita hewani, na wasikilizaji wameelewa.

Nyololo, Septemba 2012

Siwezi kuwahimiza vijana waingie katika kazi hii nikakaa kimya juu ya Daudi Mwangosi. Alikuwa mzaliwa wa Rungwe, mwandishi wa televisheni ya Channel Ten mkoani Iringa, na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa huo. Hakuwa na studio ya kioo wala gari la matangazo. Alikuwa mwandishi wa mkoani kama walivyo wengi: kamera begani, na habari inayotumwa Dar es Salaam ikawa dakika mbili za taarifa ya jioni.

Septemba 2, 2012, alikuwa kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, ambako CHADEMA walikuwa wanafungua matawi na polisi wamezuia shughuli hiyo. Askari walimzingira, wakampiga, na bomu la machozi likafyatuliwa likamlipua tumboni kwa karibu. Alifariki palepale, mbele ya wenzake waliokuwa na kamera, na picha zao zikaionyesha nchi nzima kilichotokea. Alizikwa kwao Rungwe. Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania, UTPC, ulianzisha tuzo yenye jina lake kwa ajili ya waandishi waliofanya kazi kwa ujasiri.

Tukihesabu mafanikio kwa nyumba, gari na jina la kituo, hatutajua mahali pa kumweka Mwangosi. Hakufika Washington. Lakini wananchi wa Iringa walimpa kitu ambacho hakinunuliwi: walimpigia simu jambo likitokea. Mtu akikupigia simu kwa sababu anaamini utafika na utasema ukweli, umefanikiwa katika kazi hii. Na kifo chake kinatudai kitu kinachoshikika: mwandishi wa mkoani awe na mkataba, awe na bima, awe na kitambulisho kinachoheshimiwa na kila askari, na chombo chake kimfuate akikamatwa. Leo hii wengi wao wanalipwa kwa habari iliyotoka tu. Ikilala kwenye meza ya mhariri wa Dar, nauli aliyotumia imepotea. Mtu wa namna hiyo akipewa bahasha na mwenye semina, anaichukua kwa sababu ndiyo nauli ya kurudi. Tunamlaumu kwa kukosa maadili huku tumemwachia njaa imhariri.

Yanayowezekana Chunya

Ninayoyapendekeza yanatumia vitu tulivyonavyo. Halmashauri inapokea ushuru wa huduma unaotokana na madini, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 kampuni zenye leseni zinatakiwa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kuinufaisha jamii. Katika mipango hiyo tumezoea kuona madarasa, zahanati na madawati, na vyote vinahitajika. Kiongezwe kifungu kidogo cha kumsomesha kila mwaka kijana mmoja au wawili stashahada ya uandishi wa habari, kwa sharti kwamba mafunzo ya vitendo atayafanya redio za mkoa huu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza pia kukopesha kikundi cha vijana wenye kinasa sauti na kompyuta, wanaotengeneza vipindi vya uchimbaji na kilimo na kuviuzia vituo.

Wenye redio nao wauwekee mipaka utaratibu wa kujitolea. Iwe miezi inayojulikana, kwa barua, pamoja na nauli na chakula. Muda ukiisha kijana aambiwe kama ameajiriwa au hapana, na apewe barua ya kazi aliyoifanya. Kituo kinachodai hakiwezi kumlipa nauli kijana anayekiletea habari kila siku kijiulize matangazo kinayouza yanauzwa kwa nguvu ya nani.

Kwa wewe kijana, anza na unachokijua kuliko wengine. Kama umekulia machimboni, soma sheria ya madini hadi uijue kuliko ofisa. Andika bei ya gramu kila wiki, ya porini na ya sokoni, na baada ya mwaka utakuwa na kumbukumbu ambayo hata mwandishi wa Dar hana. Umekulia kwenye tumbaku? Fuatilia makisio, mikopo ya pembejeo na malipo ya mkulima msimu hadi msimu. Jifunze Kiingereza bila kukionea haya Kiswahili chako. Usiseme hewani jambo ambalo hukulithibitisha, hata kama kijiji kizima kinalisema. Na ukifanikiwa, usifiche ulikotoka; Madowo aliandika habari ya mjomba na bibi yake, Quiñones alirudi jikoni kuosha vyombo, na zote mbili zimo katika kazi zao bora.

Zaidi ya yote, wazazi na walimu wasimpangie mtoto kimo chake kwa kutazama paa la nyumba yao. Mwalimu aliyemwona Quiñones akafikiria karakana tu alikosea kwa nia njema, na kosa la nia njema linaweza kuidhulumu nchi miaka arobaini. Dhahabu ya Chunya inapimwa kwa mizani ya kielektroniki hadi punje ya mwisho. Vijana wake wanastahili uangalifu wa namna hiyo, na gharama ya kumlipia mmoja wao ada, chumba na nauli ni ndogo sana kuliko hasara ya wilaya nzima kusimuliwa na watu wasioijua.